Moto wa Kwanza Ukipoa, Tafuta Mtu wa Kutembea Naye

Wadogo zangu katika Kristo, nawaandikia ninyi mliookoka mkingali vijana na sasa mnajiuliza kimoyomoyo kama mtafika. Najua swali hilo haliulizwi kwa sauti. Kwenye kikundi cha vijana tunaulizana nani ataongoza sifa, nani ataleta neno, nani atafungua kwa maombi. Ni nadra mtu kusimama akasema, "Jamani, mimi siku hizi naomba na naona kama nasema peke yangu." Wengi tunalo hilo moyoni, tunaimba tukiwa nalo, tunarudi nalo nyumbani.

Kwa miaka niliyotumika kati ya vijana, nimeona wachache sana wakiiacha imani kwa sababu mtu aliwashinda kwa hoja. Wengi huondoka taratibu. Anaanza kukosa kesha, halafu kikundi. Akija ibadani anachelewa, anakaa nyuma kabisa, na kabla ya baraka ameshatoka. Kisha anahamia mji mwingine kwa masomo au kazi, na huko hatafuti kanisa. Hakukana kitu chochote, wala hakuna siku aliyoamua kuacha. Nikikutana na baadhi yao baadaye tukazungumza kwa upole, neno ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Hakuna aliyeniuliza." Na mimi huamini ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu nami ningekuwa mmoja wao kama asingekuwepo mama mmoja.

Sina ushuhuda wa msiba mkubwa ulionitikisa. Baada ya ubatizo wangu nilikuwa na moto kama wengine: nilifunga, nilishuhudia, nilikariri maandiko, nililia kwenye maombi. Kisha ikapoa. Nilisoma Biblia maneno yakawa maneno tu. Niliomba nikawa nahesabu dakika. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba sikuona sababu, na kila niliyemdokezea alinitafutia sababu haraka haraka. Mmoja alisema chunguza dhambi iliyofichika. Mwingine alisema ongeza kufunga. Walinipenda, najua, ila nilitoka kwao nikiwa nimeelemewa kuliko nilivyoingia.

Huyo mama alikuwa mjane, mtu wa maombi, si mhubiri. Sikuwahi kumsikia akishika kipaza sauti. Aliniita baada ya ibada na kuniuliza, "Mwanangu, wiki hii unaomba nini ambacho huwezi kukiomba mbele za watu?" Sikuwa nimeulizwa hivyo na mtu yeyote. Nilinyamaza kwanza, kisha nikamwambia ukweli: kwamba siombi kitu, kwamba nafumba macho tu na kusubiri wenzangu waseme amina.

Hakushtuka. Alifungua Biblia yake, ile yenye jalada lililobanduka na kushonwa kwa uzi, akaiweka katikati yetu kwenye Zaburi ya 13. Pembeni mwa aya ya kwanza, pale Daudi anapouliza "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?", palikuwa na tarehe zilizoandikwa kwa penseli, moja chini ya nyingine. Nyingine zilikuwa zimefifia hata mwaka unausoma kwa shida. Akaweka kidole juu ya ile ya kwanza akasema, "Hii wewe ulikuwa hujazaliwa." Akashuka hadi ya mwisho, na ile ilikuwa ya mwaka uleule tuliokuwa nao. "Kila nikipita hapa naandika tarehe, ili siku nikirudi nijue si mahali pageni kwangu."

Naomba mkae kidogo na jambo hilo, kwa sababu ndilo lililonishikilia. Nilidhani watu wazima katika imani ni wale waliokwisha kuvuka ukavu, wakafika mahali ambapo hauwafikii tena. Mama yule alinionyesha kwa maandishi yake mwenyewe kwamba amepita humo mara nyingi na bado anaomba. Zaburi hiyo ina aya sita tu. Katika aya mbili za kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne, na inapofika ya tano anasema amezitumainia fadhili za Bwana, ingawa hatuambiwi kwamba hali yake ilikuwa imebadilika. Nilikuwa nimeisoma zamani. Siku ile niliisoma nikiwa na mtu aliyewahi kuishi ndani yake.

Tuliendelea kukutana kila Alhamisi jioni. Msidhani palikuwa na mtaala. Tulisoma Injili ya Marko sura kwa sura, tukaomba, na mara nyingi baada ya hapo alinichukua kwenda naye kuwaona wagonjwa. Hapo ndipo nilipojifunza mengi. Nilimwona akimshika mkono mgonjwa asiyeweza kuongea na kumwombea kwa sentensi mbili fupi, bila kupaza sauti, bila kumwahidi mambo ambayo Mungu hakumwahidi. Nilimwona akisalimiana na mtu aliyemsingizia mbele ya kanisa, na njiani tukirudi akaniambia wazi kwamba kumsamehe mtu huyo bado ni jambo analolifanyia kazi kila asubuhi. Hakuna somo la msamaha lililowahi kuniingia kama yale maneno aliyoyasema tukiwa tunatembea.

Baadaye niligundua kwamba hii ndiyo njia ya Bwana mwenyewe. Marko 3:14 inasema Yesu aliwaweka wale kumi na wawili wapate kuwa pamoja naye, kisha apate kuwatuma kuhubiri. Kuwa pamoja naye kumetajwa kwanza. Na Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Imani hupokezwa hivyo, katikati ya shughuli za kawaida, na semina zetu zote, ambazo nazipenda, haziwezi kuchukua nafasi hiyo.

Sasa niwaambie habari za huyo Marko, maana mama yule alinifanya nimpende. Tunamkuta kijana katika safari ya kwanza ya Paulo na Barnaba. Walipofika Perge ya Pamfilia, Matendo 13:13 inasema aliwaacha akarejea Yerusalemu. Kwa nini, hatuambiwi. Paulo hakulisahau. Ilipofika safari ya pili Barnaba akataka wamchukue tena, Paulo akakataa, na mashindano yakawa makali hata mitume hao wawili wakatengana. Paulo akaenda na Sila. Barnaba akamtwaa Marko, wakatweka kwenda Kipro, na Kitabu cha Matendo hakituelezi walifanya nini huko. Hadithi inageuka na kumfuata Paulo, na Barnaba hatajwi tena katika kitabu hicho.

Lakini tukiendelea kusoma nyaraka, tunamkuta Marko tena. Yuko pamoja na Paulo katika Wakolosai 4:10, ambapo tunaambiwa pia kwamba alikuwa jamaa ya Barnaba. Petro anamwita "Marko mwanangu" mwishoni mwa waraka wake wa kwanza. Na Paulo akiwa kifungoni, akijua kwamba wakati wake wa kufariki umefika, anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Kanisa la kale lilipokea kwamba ndiye aliyeandika Injili ile tuliyokuwa tukiisoma. Katikati ya kurudi nyuma kule Perge na sifa hii ya mwisho, kuna ile miaka ambayo Biblia imeinyamazia, na kijana ambaye mtu mmoja alikataa kumwacha.

Barnaba alikuwa na tabia hiyo tangu mwanzo. Sauli, ndiye huyo Paulo, alipofika Yerusalemu na wanafunzi wote wakamwogopa, Barnaba ndiye aliyemtwaa akampeleka kwa mitume. Antiokia ilipohitaji mwalimu, Barnaba ndiye aliyesafiri hadi Tarso kumtafuta huyo Sauli. Hebu fikirini: yule Paulo aliyekataa kumpa Marko nafasi ya pili, naye alisimama kwa sababu Barnaba alimwamini wakati wengine walipomwogopa. Mimi namwona Barnaba kuwa mmoja wa watu wakuu kabisa katika Agano Jipya, na inanihuzunisha tukimtaja kama mtu wa pembeni.

Na msidhani Paulo hakujifunza kulea. Timotheo, ambaye imani ilianza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, Paulo anamjua hadi machozi yake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Anawaandikia Wakorintho kwamba Timotheo akifika kwao, waangalie akae pasipo hofu. Yaani mlezi anatangulia mbele ya kijana wake na kuliomba kanisa lisimtishe. Halafu katika waraka wa mwisho anamwomba yule kijana amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu, na ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Mzee anahitaji nguo ya kujifunika. Hamfichi mwanawe wa kiroho kwamba anasikia upweke na kwamba Dema, mtenda kazi mwenzake, amemwacha. Nilipoisoma hiyo nilielewa kwa nini mama mlezi wangu, alipokuwa akiumwa, aliniita nikamwombee, mimi niliyekuwa bado najiona sina maombi. Niliomba kwa kubabaika. Alisema amina kwa sauti, akanishukuru, na tangu siku hiyo sikuhesabu tena dakika.

Historia ya kanisa nayo imejaa jozi za namna hii. Nitaitaja moja. Mwezi Desemba 1785, mbunge kijana wa Uingereza, William Wilberforce, umri wake miaka 26, alikuwa ameguswa na Injili na akawa hajui la kufanya na maisha yake. Alifikiri huenda ampasa kuacha siasa ili amtumikie Mungu. Alikwenda London kumwona mchungaji mzee, John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za kusafirisha watumwa kabla ya kuwa mchungaji. Wilberforce aliogopa kuonekana. Alizunguka nje kwanza kabla ya kupata ujasiri wa kugonga mlango. Newton alimsikiliza, akamtuliza, na akamshauri abaki bungeni, kwamba huenda Mungu amemweka pale kwa kusudi. Urafiki wao ulidumu zaidi ya miaka 20. Mwezi Machi 1807 bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza, baada ya hoja ya Wilberforce kukataliwa mwaka hadi mwaka. Newton aliishi hadi akaiona, akafariki Desemba mwaka uleule.

Ninapenda habari hiyo kwa sababu ya ule mlango. Kijana mwenye jina, mwenye elimu, mwenye ufasaha wa kushangaza, alisimama nje akiogopa kugonga. Kwa hiyo wewe unayeogopa kumwendea mtu mzima na kumwambia "nimepoa," hujawa wa kwanza.

Leo nami natembea na mabinti wachache. Mmoja aliniandikia usiku kwenye simu: "Dada, nimechoka kujifanya." Nilimjibu, "Njoo kesho tukae bila kujifanya." Alikuja na maswali aliyoyaandika kwenye daftari: kwa nini mwenzake aliyeombewa na kanisa zima alifariki, kwa nini wasomi anaowaheshimu chuoni hawamwamini Mungu, kwa nini yeye haoni badiliko katika hasira yake. Sikuyajibu yote. Mengine tulitafuta kitabu tukasoma pamoja, mengine tukampelekea mchungaji, mengine yamebaki kwenye daftari hadi leo. Nilichokiona ni kwamba maswali yale, alipoyasema mbele ya mtu asiyekimbia, yaliacha kumtisha. Bado anauliza. Anauliza akiwa ndani ya nyumba ya Bwana.

Yupo pia kijana mwingine ambaye mimi na mume wangu tulitembea naye kwa upendo wote tuliokuwa nao, na aliondoka. Hapokei simu za kanisani. Mume wangu humwandikia salamu siku yake ya kuzaliwa na wakati wa Pasaka, salamu tu, bila kumhubiria, na tunamtaja kwa jina tukiomba usiku. Wakati mwingine anajibu "asante". Siandiki haya ili kuwavunja moyo. Naandika ili mjue kwamba mlezi wa kweli hakuhesabii muda, na kwamba kama wewe ndiye yule kijana, yupo mtu ambaye bado anakutaja mbele za Mungu. Bwana alimwambia Simoni Petro, kabla hajamkana, "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Maombi yalitangulia anguko. Na akamwambia kwamba atakapoongoka, awaimarishe ndugu zake.

Kuna jambo ni lazima niliseme waziwazi kwa sababu nawapenda. Si kila mtu mzima kanisani anafaa kukulea. Akikutaka umfiche mzazi wako au mchungaji kwamba mnakutana, kimbia. Akijifanya yeye ndiye sauti ya Mungu, akakuchagulia mchumba, akadai fedha zako, au akikuambia ukimwacha utalaaniwa, huyo anakumiliki, halei. Akikugusa au kukutumia maneno ya aibu, usinyamaze kwa kuogopa kulichafua jina la kanisa. Mwambie mtu unayemwamini, ripoti, na ujue kwamba hatia ni yake yeye aliyetenda. Mabinti walelewe na mama na dada, wavulana na baba na kaka, na mkutane mahali ambapo watu wanapita. Na kama mzigo wako ni ule unaokunyima usingizi siku nyingi au unaokuletea mawazo ya kujitoa uhai, mwambie mlezi wako akusindikize kwa daktari pia. Luka, aliyebaki na Paulo hadi mwisho, alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa.

Ninyi mliotangulia, mama zangu na kaka zangu mnaosoma, nawaomba msisubiri muwe wakamilifu. Vijana wetu wamewasikia wahubiri wazuri tangu utotoni, na simu zao zimejaa mahubiri. Wanachokosa ni mtu anayejua wana mtihani lini, anayekumbuka jina la yule rafiki waliyegombana naye, anayeuliza wiki ijayo lile jambo liliishaje. Ukisema utamwombea, mwombee palepale. Ukiahidi Alhamisi, iwe Alhamisi. Na mwonyeshe ulipoanguka ukainuka, ulipoomba na usione jibu, maana asipoyaona kwako atadhani ni yeye peke yake.

Nawe kijana, hutampata mlezi kwa kusubiri atokee. Angalia kanisani kwenu wiki hii. Usimtafute aliye maarufu. Tafuta yule ambaye watoto humkimbilia, ambaye hasemi watu vibaya, ambaye amepitia shida inayojulikana na bado yuko kwenye kiti chake kila ibada. Baada ya ibada mfuate, msalimie, na kama maneno yatakukwama, tumia haya: "Shikamoo mama. Naomba siku moja nikae nawe tuombe. Kuna jambo nahitaji mtu mzima wa kunisikiliza." Akisema hana nafasi, mshukuru na umwendee mwingine, usichukulie kwamba ni Mungu aliyekukataa. Akikubali, mwombe siku na saa kabla hamjaachana. Na siku hiyo ikifika, anza na lile jambo ambalo ulipanga kulisema mwisho.